Kalamu za Mwanga Mtupu

Siku feni ya kufyonza hewa ilipokufa katika Kituo cha Vidonda cha Ruchugi, muuguzi Skolastika Bitaliho alifurahi kimoyomoyo. Feni ile ilikuwa ikinguruma kama mashine ya kusaga, na kwa miezi minane ilikuwa imemlazimu kupaza sauti kila alipotaka kumwuliza mgonjwa ameamkaje. Alipiga simu kuomba fundi, akajibiwa kwamba fundi yuko Kigoma mjini na hatafika kabla ya Alhamisi. Madirisha hayakuweza kufunguliwa, kwa sababu upepo huvuruga ulimi wa mwanga wa kalamu za kutibia vidonda. Basi akafunga mlango, akamkaribisha mgonjwa wa kwanza katika chumba kilichotulia.

Alikuwa Mzee Ntakije, mlinzi wa mabwawa ya chumvi, mwenye kidonda cha kisigino. Skolastika aliigusisha bangili ya mgonjwa kwenye kitako cha kalamu, kalamu ikaisoma, ikalia kidogo, na kwenye ncha yake ukachomoza ulimi wa zambarau wenye urefu wa njiti ya kiberiti. Akaupitisha polepole juu ya kidonda, mstari kwa mstari, kama mtu anayepaka rangi. Ndipo alipoisikia harufu. Ilikuwa kali na safi, ile inayobaki hewani radi inapopiga karibu. Akakumbuka kwamba kwenye mafunzo waliwahi kuambiwa kuwa ndivyo plazma, ile gesi iliyoraruliwa na umeme, inavyonuka, na ndiyo maana kuna feni.

Mgonjwa wa pili alikuwa Filimoni, kijana wa miaka ishirini na mitano aliyekatwa muundi na koleo la chumvi. Kalamu ilikuwa ileile, rangi ileile, mlio uleule na upepo uleule mwembamba juu ya ngozi. Harufu haikuwepo. Skolastika alidhani pua yake imeshazoea. Alipomwita wa tatu, harufu ikarudi.

Kufikia saa sita alikuwa ameandika kwenye kiganja chake kwa peni: watu kumi na wanne, sita bila harufu.

Ilikuwa miaka kumi na tisa tangu dawa za vidudu zikatae kufanya kazi. Vidonge, sindano, dripu, vyote viligeuka maji. Mtu alichomwa na mwiba Jumatatu, Jumapili akazikwa. Mama yake Skolastika alikwenda hivyo, kwa jeraha la kisu cha jikoni, binti akiwa na miaka kumi na mmoja. Hapo Uvinza, kilipo kituo, ambako watu hushinda wamesimama kwenye maji ya chumvi wakikusanya madini ya betri, hapakuwa na nyumba isiyo na mtu mwenye kidonda. Ndipo kalamu zilipokuja. Ndani ya kalamu gesi hupitishwa kwenye mrija wa kauri, umeme ukairarua hiyo gesi vipandevipande, na vile vipande vikatoka vikiwa na hasira ya kuua vidudu lakini vikiwa baridi kiasi cha kuguswa na kidole. Vidudu hufa, nyama huamka. Wenye vidonda waliuita ulimi huo moto wa baridi. Walikuja kutoka vijiji vya mbali, wakavaa bangili zenye namba, wakaweka dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa.

Siku iliyofuata Skolastika alifika na kikombe cha uji mwepesi wa muhogo na chupa ndogo ya maji ya iodini aliyoyaomba kwa mtu wa kiwandani anayeichanganya kwenye chumvi. Shuleni walikuwa wamefundishwa hilo: karatasi iliyopakwa wanga na iodini, ikikutana na hewa ya radi, hugeuka buluu. Alikata vipande vya karatasi, akavipaka, akavianika dirishani. Kila mgonjwa alipoingia, alipitisha kalamu kwanza juu ya karatasi, kisha juu ya kidonda. Alimwambia kila mmoja kwamba anaangalia kama kifaa ni kizima, na yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Jioni ya siku ya tatu alikuwa amewapima wote sitini na wanne. Karatasi thelathini na nne zilikuwa buluu. Thelathini zilikuwa nyeupe kama zilivyoanikwa.

Lililomtatiza ni kwamba kalamu moja iliweza kutoa buluu kwa huyu na nyeupe kwa yule. Kwa hiyo si kalamu iliyoharibika. Ni bangili iliyoiambia kalamu itoe nini. Akafungua droo ya mafaili yaliyofungwa, akatafuta bangili moja ambayo ilikuwa imekatwa mkononi mwa mwenyewe tangu Aprili, siku aliyopelekwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa ya Anjelista Kabhulanya, mbeba chumvi, mama wa watoto watatu, mwanamke aliyelingana naye umri, nao walizoeana mpaka wakawa wanapeana vitenge. Anjelista aliwekewa kalamu mara sitini na saba, na mara zote mkono ulioishika ulikuwa wa Skolastika. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Akaigusisha bangili. Kalamu ikalia, ulimi wa zambarau ukachomoza. Akaushikilia juu ya karatasi mpaka mkono ukachoka. Karatasi ilibaki nyeupe.

*

Mganga mkuu wa kituo alikuwa Daktari Perpetua Ntahondi, na kwa Skolastika alikuwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yake. Ndiye aliyemchukua siku ya mazishi, akampa kitanda, akamsomesha, akamfundisha kusafisha kidonda kabla hajamfundisha kupika. Skolastika alikwenda ofisini kwake saa ya chakula cha mchana akiwa na zile karatasi ndani ya bahasha, na njiani alikuwa akipanga namna ya kusema bila kumtia hofu: kiwanda kimekosea kuandika bangili, nusu ya wagonjwa wetu hawajawahi kutibiwa, tuwapigie simu leo hii.

Daktari Perpetua alikuwa na sahani ya ugali na migebuka mbele yake. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa miba. Kisha akauliza:

"Umetumia karatasi gani?"

Skolastika alikuwa tayari ameanza kueleza habari ya wanga na iodini kabla hajalisikia lile swali vizuri. Akanyamaza katikati ya sentensi. Mtu aliyeambiwa kwamba watu thelathini wanaoza miguu kwa kosa la kiwanda haulizi aina ya karatasi.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Keti kwanza, mwanangu."

Hakuketi. Daktari Perpetua akanawa mikono, akafuta kidole kimoja kimoja, akaeleza kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kumfundisha hesabu. Baraza la Tiba la Kanda halipitishi tiba yoyote mpaka ilinganishwe na kitu. Lazima pawepo kundi linalopata tiba na kundi linalodhani linapata. Bangili ziligawiwa kwa bahati nasibu: nusu plazma, nusu mwanga mtupu. Karatasi ya ridhaa iliandikwa kwamba mgonjwa anakubali kutibiwa kwa utaratibu wa kalamu, na utaratibu wenyewe ulielezwa kwenye kiambatisho, na kiambatisho kilikaa kwenye kabati lake. Kama wangeambiwa kwamba nusu yao watawekewa taa, nani angekuja? Na bila wao, kalamu zingekaa kwenye makasha miaka kumi mingine, na watu wangeendelea kufa kama alivyokufa Bernadeta. Alilitaja jina la mdogo wake, mama yake Skolastika, taratibu, kama anayeweka kitu cha udongo mezani.

Zilikuwa zimebaki wiki tano. Baada ya hapo kila zahanati ya kanda ingepata kalamu.

Skolastika aliuliza kwa nini yeye hakuambiwa. Alikuwa ameapa kiapo cha kazi, alikuwa ametunza siri nyingi za wagonjwa. Kwa nini hii asiaminiwe nayo.

"Kwa sababu hujui kudanganya," alisema mama mkubwa. "Tangu ukiwa mdogo, ukisema uongo shingo inakutoka jasho. Mgonjwa hupata nafuu kidogo kwa kumwamini tu anayemtibu. Nilihitaji wale wa mwanga mtupu waamini sawasawa na wale wengine, la sivyo hesabu ingepinda. Ningempata wapi mtu wa kuaminika kama wewe?"

Ilimchukua Skolastika muda kulielewa hilo. Miezi minane alikuwa akisifiwa kwa uso wake mchangamfu, kwa namna anavyowatia watu moyo. Kumbe uso huo ulikuwa umewekwa kwenye orodha ya vifaa, pamoja na kalamu na shashi.

Akauliza kuhusu Anjelista.

Daktari Perpetua aliisogeza sahani kando. Alisema kulikuwa na kanuni: mgonjwa wa mwanga mtupu ambaye kidonda chake kinaelekea mfupa anaweza kuhamishwa kupewa plazma. Alikwisha wahamisha tisa. Wa kumi angelifanya Baraza liikatae hesabu nzima. Anjelista alikuwa mpakani, na yeye alitarajia angevuka salama bila plazma.

"Februari alitaka kuondoka," alisema Skolastika. "Alitaka kwenda kwa masista ng'ambo ya mto Malagarasi, wanaotibu kwa asali na funza wa kufugwa. Wewe ndiye uliyeniambia niende nyumbani kwake nimzuie."

"Ndiyo."

"Nilikaa kwenye mkeka wake. Nilimwambia kitafunga."

"Najua, mwanangu. Nililia siku ile ya Aprili. Hukuniona, lakini nililia."

Skolastika alitazama sanduku la bangili za akiba lililokuwa nyuma ya kiti. Wazo lilimjia, na kabla hajalishika vizuri mama mkubwa alikuwa amekwisha lisoma usoni mwake, maana alimlea. Akamwambia asijaribu. Akitumia bangili moja ya kweli kuwatibu wote kwa siri, watapona wote, na mwisho wa hesabu makundi mawili yatalingana, na Baraza litaandika kwamba kalamu si chochote ila taa. Atakuwa amewaponya watu thelathini na kuwafungia mlango watu wa kanda nzima.

"Wiki tano tu," alisema Daktari Perpetua. "Baada ya hapo wote nitawatibu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nyamaza wiki tano."

*

Kesho yake ilikuwa zamu ya Filimoni. Alipanda kitandani mwenyewe, akakunja suruali, akaulaza muundi wake chini ya taa. Alizungumza habari za mchumba wake wa Nguruka na jinsi wazazi wa binti wanavyongoja aache kuchechemea ndipo wapange siku. Skolastika aligusisha bangili. Ulimi wa zambarau ukatoka. Akaupeleka juu ya kidonda, mstari wa kwanza, mstari wa pili, akijua kwamba anapitisha taa juu ya nyama inayooza.

"Naona kama kinapungua, sista," alisema Filimoni. "Au siyo?"

Wiki zote zilizopita alikuwa akimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Alihisi jasho likimtiririka shingoni, akajua kwamba mama mkubwa alimfahamu kuliko alivyojifahamu. Akazima kalamu. Akasafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akakifunga kwa shashi mpya, akamwambia apumzike, na amwone tena Ijumaa asubuhi bila kukosa.

Mchana akavua joho la kazi, akaenda kwa Anjelista.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda barazani, gongo limeegemezwa ukutani, sindano kubwa mkononi, anashona magunia ya chumvi. Ndiyo kazi iliyombakia. Anjelista alimkaribisha kwa furaha ya kawaida, akamsogezea mkeka, akaomba radhi kwamba hana kitu cha kumpa ila maji. Skolastika hakuyanywa. Alisema yote aliyokuja kusema, tangu feni mpaka karatasi nyeupe, akiyatazama magunia.

Sindano iliendelea kuingia na kutoka kwa muda. Kisha ikasimama.

"Rudia," alisema Anjelista. "Polepole."

Akarudia.

Anjelista aliuliza mambo machache, kama mtu anayepima kamba. Kalamu ya kweli, inaponya? Inaponya. Mzee Ntakije amepata ya kweli? Ndiyo. Na yeye, katika zile mara sitini na saba, hakupata hata moja? Hata moja.

"Siku uliyokaa hapo ulipokaa sasa ukaniambia nisiende kwa masista, ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Naapa."

"Lakini ulikuwa na hakika."

Skolastika alisema kwamba ndiyo, alikuwa na hakika.

"Basi mimi mguu wangu umekatwa na hakika yako," alisema Anjelista. Hakupaza sauti. Aliinama akalishika tena gunia, akatafuta tundu la mwisho alilotoboa, hakuliona.

 Jirani alipita, akasalimia, wote wawili wakaitikia vizuri kama watu wasio na jambo. Alipotoweka, Skolastika alieleza mtego aliowekewa: akisema, kalamu zitafungwa na hata wale wanaopona watakatishwa katikati, akinyamaza, thelathini wataendelea kuoza, akiwatibu kwa siri, ataiua tiba yenyewe. Alikuwa amelala macho akiupindua huku na huku na hakuona mlango.

Anjelista alimsikiliza, kisha akamwuliza kama wale thelathini ni watoto wadogo. Skolastika akasema hapana, wote ni watu wazima.

"Wana akili zao?"

"Wanazo."

"Basi mbona wewe na shangazi yako, sijui mama yako mkubwa, mnakaa vyumbani mnawapangia? Waulize wenyewe. Mguu ni wao."

*

Ijumaa asubuhi veranda ya kituo ilijaa. Skolastika alikuwa amewaita wote sitini na wanne siku moja, na kwa kuwa hawakuwahi kuonana wote pamoja, walikuwa wakisalimiana na kuoneshana bandeji kama watu wa harusi moja. Anjelista alikuja na gongo lake, akaketi benchi la nyuma. Daktari Perpetua alitoka ofisini kuona kuna nini. Alimtazama mpwa wake, akaelewa. Angeweza kumwita ndani, na Skolastika mwenyewe hakujua kama angekataa. Hakumwita. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni mwa joho jeupe.

Skolastika aliwaambia kwa maneno mepesi. Baadhi yenu mmetibiwa kwa moto wa baridi. Baadhi yenu mmewekewa taa. Sikujua, lakini ni mkono wangu. Akasoma namba za taa, moja moja, mpaka thelathini.

Kwa muda palisikika watu wakitafuta namba kwenye vifundo vya mikono yao. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ndogo. Mzee Ntakije, aliyekuwa amepona kisigino, alikivuta kiatu chake chini ya benchi kana kwamba ameiba. Filimoni alisimama, akaja mbele mpaka karibu na Skolastika, akaunyoosha mkono ili akatwe bangili. Skolastika alipouinua mkasi, akaurudisha mkono nyuma. Alisema ampe mkasi, atakata mwenyewe.

Mzee mmoja wa kundi la taa, mchimba mifereji aliyeitwa Sabini, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliuliza sababu. Skolastika akaeleza habari ya Baraza, kulinganisha, na zahanati za kanda. Mzee Sabini alifikiri, akasema kwamba yeye ana wajukuu tisa, wote wanafanya kazi majini. Kama angeambiwa tangu mwanzo kwamba ni bahati nasibu, na kwamba atakayekosa sasa atatangulizwa mwishoni, angeingia. Akawageukia wenzake. Watu wanane wa kundi la taa wakasema hata wao wangeingia. Watatu wakasema wako tayari kuvumilia zile wiki tano zilizobaki, sasa hivi, macho wazi.

"Mngetuuliza," alisema Mzee Sabini, naye hakumtazama Skolastika bali yule aliyesimama mlangoni. "Hamkutuuliza kwa sababu mlituona wajinga."

Daktari Perpetua aliingia ndani na kufunga mlango.

*

Watu wa Baraza walifika baada ya siku nne, wakazifunga kalamu zote kwa lakiri zisitumike. Waliokuwa wakitibiwa kwa plazma wakarudi kwenye maji ya chumvi na shashi. Wawili kati yao vidonda vilifunguka upya, na mke wa mmoja alikuja mpaka dirishani kwa Skolastika kumwuliza kama sasa ameridhika.  Filimoni alivushwa Malagarasi kwenda kwa masista, na habari zilizokuja ni kwamba wamekata vidole viwili vilivyokuwa vimekufa na kuuokoa mguu.

Shauri lilisikilizwa Kigoma mwezi wa Agosti, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Anjelista alitaka kuwepo, na Skolastika akakaa naye safu ya tatu, ingawa tangu Ijumaa ile hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu. Ndipo mwanamke wa Baraza, mtu mpole mwenye miwani, alipoinua karatasi moja na kumwuliza Daktari Perpetua kama anaitambua. Ilikuwa hesabu ya nusu ya safari. Ilikamilishwa tarehe sita Februari. Ilionyesha kwamba kati ya waliopata plazma, wanane katika kila kumi walikuwa wanapona, na kati ya waliopata taa, wawili. Kanuni ilitaka jaribio lisimame siku hiyohiyo, na wote watibiwe.

Daktari Perpetua alisema anaitambua. Aliiweka kwenye droo. Alitaka hesabu kubwa zaidi, isiyoweza kupingwa na mtu yeyote.

Skolastika alihesabu moyoni bila kupenda. Siku aliyotumwa kwenda kukaa kwenye mkeka wa Anjelista ilikuwa wiki moja baada ya tarehe sita Februari. Kwa hiyo mama mkubwa alipomtuma alikwisha jua kwamba kalamu inaponya, na kwamba ile ya Anjelista ni taa, na kwamba hakuna tena cha kutafuta. Wiki tano, kanda nzima, kifo cha mama yake, Bernadeta: vyote alivyoambiwa siku ile ofisini vilisemwa juu ya droo yenye karatasi hiyo. Hakuthubutu kugeuza shingo kumtazama aliyekaa kando yake. Alisikia tu pumzi zake.

Mwanamke wa Baraza akauliza swali la mwisho: muuguzi aliyeshika kalamu, alijua?

"Hakujua," alisema Daktari Perpetua. "Msimwadhibu. Ni mtoto wangu. Nilimweka pale kwa sababu hana hila."

Watu walimgeukia Skolastika kwa huruma, na huruma ile ilimwingia kama sindano. Angeona nafuu kama angeshtakiwa.

Nje, Daktari Perpetua alimngojea chini kwenye ngazi. Leseni yake ilikuwa imechukuliwa. Alionekana mdogo bila joho. Alimwambia Skolastika kwamba Baraza limepitisha kalamu kwa hesabu ileile ya Februari, kwamba zitaanza kugawiwa zahanati zote kabla ya mvua, kwamba mwishowe wamefika. Akanyoosha mkono kumweka sawa kola ya blauzi, kama alivyozoea kumfanyia kila asubuhi ya shule.

Skolastika alirudi nyuma hatua moja. "Hongera, Daktari," alisema.

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka.

Walirudi Uvinza kwa treni ya mchana, yeye na Anjelista, wamekaa wakielekeana. Anjelista alikuwa amevaa mguu wa bandia aliopewa na serikali, na mguu huo ulikuwa umemchubua kwenye kigutu. Mara kwa mara aliinama akaulegeza mkanda. Alitazama dirishani njia nzima. Stesheni ya Kazuramimba ikapita, na wauza mahindi ya kuchemsha, na makorongo mekundu.  Skolastika alikuwa na maneno mengi aliyoyatunza tangu Juni, ya toba na ya kujieleza, na kila alipolichukua moja aliliona halifai.

Treni ilipoanza kupunguza mwendo na mabwawa ya chumvi yakaonekana meupe kushoto, Anjelista alishika gongo lake, akajiweka tayari kusimama.

"Kesho njoo unifunge hiki kigutu," alisema. "Mikono yako naijua, ni mizuri."

Skolastika akafungua kinywa.

"Lakini ukija," alisema Anjelista, "usiniambie kwamba kitapona."